Vidole Kumi, Watu Kumi na Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Hili lilikuwa daftari la mahudhurio. Limebakiwa na kurasa nyingi tupu na kuanzia leo halina kazi, basi nimelichukua. Mimi nina ugonjwa wa kutotulia. Nikiwa na neno moyoni na sina wa kumwambia, nazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Bora niandike.

Mashine ya vidole imefungwa leo kwenye korido, juu ya kimeza, hatua tatu kutoka mlango wa ofisi yangu. Fundi aliyekuja nayo alitoboa ukuta, akaunganisha waya, akaniambia, "Dada, mambo ya kalamu yamekwisha. Mtu anaweka kidole, makao makuu wanaona hapo hapo." Makao makuu yako ng'ambo, saa saba nyuma yetu. Walipokinunua kiwanda mwaka jana walituahidi mabati mapya. Mabati bado yanavuja, ila mashine imefika.

Mimi ndiye afisa utumishi, kwa hiyo kazi ya kuandikisha vidole ni yangu. Kuna kidude kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta yangu, mtu anakibonyeza kwa kidole na jina lake linaingia kwenye mfumo. Watu mia mbili na ushee wamepita bila shida. Tulikuja kukwama kwa wamenyaji wazee. Ni wanawake kumi na mmoja, kila mmoja amemenya mananasi kwa zaidi ya miaka ishirini, na maji ya mananasi yamewala vidole mpaka havina mstari hata mmoja, laini kama mgongo wa kijiko. Wakibonyeza, kidude kinalia tiii na taa nyekundu inawaka. Tumewafuta mikono kwa spiriti, tukawapaka mafuta, wapi.

"Hawa hawana vidole," fundi akasema.

Bi Kicheko, ambaye angeweza kuchekesha hata mahakama, akamwekea vyote kumi mbele ya pua. "Na hivi ni nini basi, ndizi?"

Tulicheka wote. Mama mdogo peke yake hakucheka. Huyu ni mdogo wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita na naishi naye mpaka leo. Kiwandani wanamwita Kengele, kwa sababu katika miaka thelathini na moja hajachelewa hata mara moja. Amebakiza miezi minne astaafu. Alibonyeza mara saba, ikalia mara saba, akajifuta mikono kwenye aproni na kurudi kwenye meza yake ya kumenyea.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Bati la juu ya kabati langu linavuja pale pale pa mwaka jana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeongea na mkubwa wangu mpya. Hajawahi kufika hapa na sidhani kama atafika. Anaonekana kwenye skrini ya kompyuta akiwa amevaa miwani, sauti yake ya upole, na nyuma yake kuna mtoto analia chumba cha pili. Anasimamia utumishi wa viwanda vyote vya kampuni, nchi kumi na tisa. Wamenyaji wameshampachika jina, Bibi Skrini.

Nilimweleza habari ya wale kumi na mmoja kwa Kiingereza changu cha shule. Akasikiliza, akaandika, akashauri wapake losheni.

Jumatatu, 10 Machi

Mfumo umetoa barua kumi na moja za onyo. Sikuziandika mimi, zimejiandika zenyewe Jumamosi usiku na kunisubiri nizichape. Siku tatu bila kidole, onyo. Siku kumi na mbili, mfumo unakuita mtoro na kukufuta kazi, na mtoro hapati mafao ya kustaafu.

Nilimpelekea mama mdogo barua yake mezani kwake. Kisu mkono mmoja, nanasi mkono mwingine.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Nimekosa siku ngapi?"

"Tano, inasema."

"Na wewe siku hizo tano ulikuja kazini na nani?"

"Na wewe, mama mdogo. Lakini mfumo..."

"Huyo Mfumo ni mtoto wa nani?" Wenzake wakaangua kicheko, yeye akaendelea kumenya. Nilirudi ofisini masikio yanawaka.

Jumatano, 12 Machi

Nimeomba kadi za plastiki kwa ajili ya watu kumi na mmoja, kadi tu, kama wanazotumia wageni. Jibu limekuja baada ya dakika mbili: ombi limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku sitini za kazi. Siku zilizobaki kabla wafutwe ni nne.

Nikaenda kwa Meneja. Akaniambia, "Mimi nasimamia mananasi. Watu ni wako wewe na huyo bibi yenu wa kwenye kioo." Akaomba nifunge mlango nikitoka.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya.

Watu wote walipoondoka mchana nilifunga mlango wa ofisi, nikafungua majina ya wale kumi na mmoja, nikaanza kuwaandikisha kwa vidole vyangu mwenyewe. Dole gumba la kulia nimempa mama mdogo. Cha shahada kikabaki changu mwenyewe, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Vingine nikagawa mmoja mmoja. Nilipofika cha kumi walikuwa wamebaki wawili. Nikajaribu kurudia kidole, kidude kikakataa, kikaandika kwamba kidole hiki tayari kina mwenyewe.

Vidole kumi, watu kumi na wawili. Nilizunguka meza. Nikakaa. Nikazunguka tena. Halafu nikatazama chini, nikavua viatu.

Dole gumba la mguu wa kulia sasa ni mmenyaji wa meza ya nne. La kushoto ni Bi Kicheko. Taa ya kijani, bila shida yoyote. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaogopa.

Jumatatu, 17 Machi

Nilitoka nyumbani gizani, nikamwambia mama mdogo nina ripoti. Kufikia saa kumi na mbili kasoro dakika mbili nilikuwa nimemaliza mikono yote na nimesimama mguu mmoja kwenye korido, mwingine juu ya mashine, nimeshikilia ukuta. Mlinzi akatokea na tochi. Tukatazamana.

"Mimi nalinda geti," akasema, akizima tochi. "Miguu siilindi." Akaniletea stuli.

Leo ndiyo ingekuwa siku yao ya kumi na mbili. Hakuna aliyefutwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mama mdogo si mjinga. "Mbona sijapata barua ya pili?" aliniuliza jana tukila. Nikamweleza yote, tangu dole gumba nililompa mpaka viatu. Nilitegemea atacheka. Akaweka kijiko chini.

"Nani kakutuma?"

"Ulitaka nikuache ufutwe?"

"Nilitaka uwaambie nipo. Miaka thelathini na moja nakwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Leo unanipeleka kwa kidole chako, kwani mimi maiti?"

"Niliwaambia! Wakasema siku sitini."

"Uliwaambia kwa adabu mno."

Hasemi nami tangu hapo. Naona ni ukaidi wa uzee. Mtu anaokolewa asizame, yeye anagomba kwamba ameloweshwa. Wale wengine kumi wamenishukuru. Bi Kicheko alinishika mabega akaniuliza yeye ni kidole gani. Nikamdanganya kwamba ni cha pete. Aliringa siku nzima.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Alama kumi na mbili asubuhi, alama kumi na mbili saa tisa wakishatoka. Soksi zangu hazikauki.

Jumatano, 26 Machi

Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Wiki ya kwanza nikishasaini nilikuwa nahakikisha kwa macho, nawahesabu mmoja mmoja wakiingia. Sasa nasaini kabla hawajafika na sihesabu tena. Korido ikishajaa watu siwezi kuvua viatu, na wao hawakosi kamwe. Mtu akikosa siku thelathini zijazo mimi niitwe jina lingine.

Jumatano, 2 Aprili

Loo, makubwa.

Bibi Skrini amenipigia akiwa na furaha ambayo sijaiona kwake. Ripoti ya nusu ya pili ya Machi imetoka. Katika nchi zote kumi na tisa hakuna wafanyakazi wenye mahudhurio kama wamenyaji wangu kumi na mmoja. Wamefika kila siku kabla ya saa kumi na mbili, wote, wakifuatana ndani ya dakika mbili. Makao makuu wanataka kujua siri yetu. Ijumaa ya tarehe kumi na nane watapewa vyeti mbele ya viwanda vyote kwa skrini kubwa, na kila mmoja atapokea chake kwa kubonyeza kidole.

"Umenisaidia sana," akaniambia, na sauti ikashuka. "Wanafikiria kuhamishia kazi yangu nchi yenye mishahara midogo zaidi. Ripoti hii itanipa muda."

Kumbe na yeye. Nilidhani mtu akiwa upande ule wa kioo basi ameshapona. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikanifunga mdomo. Nitasema kidude kimeharibika siku hiyo. Nitasema chochote.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ya mawe. Nilisaini wote kumi na mmoja kama kawaida, nikavaa viatu, nikakaa. Saa moja mama mdogo akaja mlangoni, maji yanamchuruzika. Ni siku ishirini hajanisemesha.

"Kicheko ameanguka darajani. Mguu umevunjika, umepinda. Nimemwacha hospitali."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya kumi na mbili. Tulikuwa tunakuja pamoja." Akatazama viatu vyangu. "Umeshamsainia?"

Nikaivuta miguu chini ya meza. Hakuuliza mara ya pili.

Alhamisi, 10 Aprili

Bima ya wafanyakazi nayo inaendeshwa huko huko ng'ambo. Hospitali waliomba kibali cha upasuaji, jibu limekuja kwangu. Mgonjwa anadai alivunjika njiani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba saa kumi na mbili kasoro mbili aliingia kazini, kwa kidole chake. Mtu aliyevunjika mguu hawezi kufika kiwandani baada ya dakika nane. Kibali kimekataliwa. Tena limefunguliwa jalada la udanganyifu, jina lake juu.

Nimelisoma mara sita. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua bila sababu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimewaandikia kwamba mashine ilikuwa na hitilafu siku ile. Wamejibu kwamba wamekagua, mashine ni nzima, na alama iliyopokelewa ni halisi na inalingana na ya mwenyewe. Inalingana, ndiyo. Ni dole langu.

Jumapili, 13 Aprili

Tulikwenda hospitali na mama mdogo, yeye mbele, mimi nyuma. Bi Kicheko amelazwa mguu umefungwa kwenye uzito unaoning'inia. Daktari anasema mfupa unataka kutiwa chuma kabla ya wiki mbili kwisha, la sivyo utaunga vibaya. Anasubiri karatasi tu.

"Wananiambia mimi mwongo," Bi Kicheko aliniambia. Alikuwa anajaribu kutabasamu. "Eti nilikuwa kazini. Waambie basi, mwanangu. Wewe si ndiye mwenye karatasi zote?"

Hajui kwamba nilisaini kabla. Anadhani makosa ni ya watu wa ng'ambo. Nikamwambia nashughulikia. Nikamrekebishia mto ambao haukuwa na shida yoyote.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama mdogo aliniwekea chai asubuhi, akakaa mbele yangu. Nikafurahi, nikadhani yamekwisha.

"Utasema lini?"

"Nikisema watanifukuza. Na nyie wote mtafutwa, mmesainiwa kwa uongo mwezi mzima. Wewe umebakiza miezi miwili na ushee."

"Sikukuuliza watafanya nini. Nimekuuliza lini."

"Nipe muda."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Mguu wa mwenzangu hauna muda." Akanywa chai yake, akaosha kikombe, akaondoka.

Nilimchukia, na naandika hivyo hivyo. Ni rahisi kuwa mkweli ukiwa na miaka hamsini na tisa na nyumba yako mwenyewe. Mimi nina thelathini na mbili. Kazi za ofisi zinahamia ng'ambo moja baada ya nyingine. Mhasibu wetu ameondoka, mtu wa manunuzi ameondoka. Nikitoka hapa naingia wapi?

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwandikia Bibi Skrini barua ya kukiri. Nimeifuta.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeandika mara tatu. Nimefuta mara tatu. Mvua haijakatika.

Alhamisi, 17 Aprili

Kesho.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Mimi hata arobaini sikufika.

Kantini ilipambwa. Meneja alivaa tai. Skrini kubwa ukutani ilikuwa na vidirisha kumi na tisa, kila nchi na watu wake wamekaa kwenye viti, wanapunga mikono. Wamenyaji kumi walikuja na aproni safi wakapanga mstari. Kompyuta yangu ilikuwa mezani mbele, na kile kidude cha vidole pembeni yake, kwa ajili ya vyeti. Nilikuwa nimelegeza waya wake.

Bibi Skrini alizungumza vizuri, kisha akaomba mmoja wao aseme siri ya kufika mapema kila siku. Mimi nitafsiri. Mama mdogo akasogea mbele bila kuitwa.

"Waambie hivi," akasema, akinitazama mimi na wala si skrini. "Sisi tunafika kweli, lakini mashine haituoni. Aliyekuwa anatusainia ni mtu mwingine. Mwenzetu wa kumi na moja alivunjika mguu njiani siku aliyosainiwa, na sasa mnamwita mwongo. Mtoeni kwenye ule uongo, atibiwe. Basi."

Watu wote wa kwetu walisikia. Nikageukia skrini, mdomo ukafunguka, na Kiingereza kilichotoka kilisema: anashukuru sana kwa heshima hii, na siri yao ni kupenda kazi.

Nchi kumi na tisa zikapiga makofi.

Mama mdogo hajui Kiingereza, ila makofi anayajua. Akanitazama kwa muda. Sijawahi kutazamwa vile, hata nilipokuwa mtoto nikiiba sukari. Akaenda mezani, akaona waya umelegea, akausukuma ndani, akaweka dole lake kwenye kidude mbele ya kamera. Tiii, nyekundu. Akaweka tena. Tiii. Akampisha wa nyuma yake. Tiii. Mmoja baada ya mwingine, wote kumi, na kila mmoja baada ya kubonyeza aliinua mikono miwili mbele ya kamera, wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuficha kitu. Makofi yalishakufa.

"Sielewi," akasema Bibi Skrini. "Kama si wao, nani amekuwa akisaini?"

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa kubwa, watu wananitazama, mlango uko wazi kabisa. Nikasema, "Sijui."

Mama mdogo akanishika mkono. Alinishika taratibu, kama alivyokuwa akinivusha barabara zamani, akalichukua dole gumba langu la kulia, akalibonyeza kwenye kidude. Taa ya kijani. Kwenye skrini, mbele ya nchi kumi na tisa, ikatokea picha ya mama mdogo na jina lake, na neno la kumkaribisha kazini.

Meneja akasema kwa sauti kwamba yeye hakujua lolote. Mimi nilikaa chini sakafuni, sikumbuki nani aliniinua.

Jumatatu, 21 Aprili

Bibi Skrini amepiga, bila kamera. Jalada la udanganyifu limeondolewa kwa Bi Kicheko na kuwekwa kwangu. Kibali cha upasuaji kimetoka, anafanyiwa kesho. Wale kumi na mmoja hawafutwi, kwa sababu wanasheria wa makao makuu wameogopa picha ya ile mikono. Ilirekodiwa kila mahali. Mimi nimeachishwa kazi, mwisho Ijumaa.

Nilimwomba radhi. Nikamuuliza kuhusu kazi yake. Akasema ndiyo hivyo, inahamishwa mwezi ujao. Mtoto wake alikuwa analia na hakunyamazishwa na mtu.

Jumatano, 23 Aprili

Chuma kimeingia vizuri, ila daktari anasema tulichelewa. Atatembea, lakini atachechemea maisha yake yote. Nilimweleza Bi Kicheko mwenyewe, yote, mpaka zile siku kumi nilizokaa kimya nikijua ukweli. Hakucheka kwanza. Aligeuzia uso ukutani mpaka nikasimama niondoke.

"Kwa hiyo mimi sikuwa kidole cha pete," akasema.

"Hapana. Dole la mguu."

"Ala! Ndiyo maana nimevunjika huko huko." Akacheka, akalia, akanifukuza. Kisha akaniita nimletee maji.

Alhamisi, 24 Aprili

Kadi kumi na moja zimefika kwa ndege. Zilikuwa kwenye stoo ya kiwanda cha nchi jirani, hazina kazi, tangu mwaka jana. Nimegawa mwenyewe. Mama mdogo aliigusisha yake kwenye mashine, ikawaka kijani, akasema, "Haya, sasa Mfumo ananijua," akaenda kumenya.

Ijumaa, 25 Aprili

Hawataweka mtu kwenye kiti changu. Kuanzia Jumatatu mwenye shida ataandika kwenye simu na kujibiwa kutoka ng'ambo. Lakini mfumo una kanuni kwamba kila anayeachishwa kazi ahojiwe na afisa utumishi wa kituo. Afisa utumishi wa kituo ni mimi. Basi leo saa tisa alasiri nilikaa ofisini nikajihoji mwenyewe. Jina la anayehojiwa, langu. Jina la anayehoji, langu. Je, mfanyakazi alielezwa haki zake? Nilijieleza.

Mama mdogo alimaliza zamu akaja kunisubiri, akaketi kwenye kiti cha wageni, kadi yake shingoni. Mvua ilikuwa nyembamba.

Swali la mwisho lilikuwa na visanduku viwili. Nikalisoma mara tatu mpaka akauliza kuna nini.

"Wanauliza kama nilikiri kosa mwenyewe au niligunduliwa. Nikiweka nilikiri, napewa barua ya utumishi na naweza kuajiriwa kiwanda kingine. Nikiweka niligunduliwa, jina langu linafungwa nchi zote kumi na tisa."

"Nani anathibitisha?"

"Afisa utumishi wa kituo."

Akatazama dirishani. Vidole vyake vilikuwa vinachezea kamba ya kadi. Huyu ni mtu ambaye alinichapa nilipokuwa na miaka minane kwa kusema nimenawa mikono na sijanawa.

"Weka ulikiri," akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Weka, mwanangu. Mimi sitasema."

Nilimtazama mpaka akashindwa, akainamisha kichwa. Sijui ilimgharimu nini kunipa maneno hayo, na najua hajawahi kumpa mtu mwingine. Nilitaka kumkumbatia, lakini mkono ulikuwa kwenye kompyuta.

Nikaweka niligunduliwa. Nikamgeuzia skrini aone kisanduku kipi, nikabonyeza tuma.